Matofali ya Kushikilia Nafasi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza shajara. Wasanifu majengo wakubwa wote waliandika shajara. Sijathibitisha, lakini haiwezekani mtu awe na mawazo mazito namna hii ayaache kichwani tu yakipata joto.

Hali yangu kwa ufupi. Umri: ishirini na sita. Elimu: nyingi. Kazi: msanifu majengo wa majaribio, miezi mitatu, inayoisha wiki hii. Wa majaribio tuko wawili ofisini, mimi na Vioo. Nafasi ya kudumu ni moja. Asubuhi Mkurugenzi, huku akifuta miwani kwa ncha ya tai yake, ametangaza kwamba Jumamosi Mama Mwenye Jengo atafika saiti kuchagua sura ya mbele ya jengo lake: ghorofa tano, maduka chini, ofisi juu. Vioo ataonyesha wazo lake, nami langu. Wazo litakalochaguliwa, mwenye nalo anabaki. Mwingine atashukuriwa.

Atashukuriwa! Nimelitafakari neno hilo njia nzima hadi nyumbani. Sijawahi kuogopa shukrani kiasi hiki.

Vioo si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuchora ukuta usiopitisha macho. Benki: vioo. Soko: vioo. Aliwahi kuchora choo, sitaki kuendelea. Mimi ananiita Msomi, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Safari hii ana vioo vyenye akili. Umeme ukipita vinakuwa angavu, umeme ukikatwa vinageuka vyeupe kama maziwa, watu wa ndani wasionekane. Anasema dunia nzima inaelekea huko. Nikamuuliza dunia nzima ikishafika huko na jua likawaka, itakaa wapi. Alikuwa anajitazama dirishani.

Wazo langu: Ukuta Hai. Mimea kuanzia barabarani hadi paani. Katikati ya majani, vihisi vinavyopima pumzi za watu. Watu wakiwa wengi na hewa ikichoka, ukuta unatoa ukungu mwembamba wa maji, jengo linapoa. Jengo linalojua kwamba upo! Nilipomweleza Mkurugenzi alisema "sawa". Mkurugenzi husema "sawa" akifurahi, akikasirika, na akiwa hajasikia.

Nimejichunguza kwa makini kuhusu Vioo. Si wivu. Nina viwango tu.


Jumanne, 4 Machi

Balaa!

Saa tatu asubuhi Timazi kanipigia simu. Timazi ndiye fundi mkuu wa saiti. Tunamwita hivyo kwa sababu timazi yake, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, haimtoki mfukoni, na hawezi kuona kitu kinaning'inia bila kukipima. Siku moja aliipima tai ya Mkurugenzi, akasema imelalia kushoto. Basi, akaniambia: mwanangu, lori limeshusha matofali hapa, mia sita na arobaini, yote yana matundu, na hati ya mzigo ina jina lako. Unajenga nini, gereza la panya?

Nilikaa chini. Kisha nikakumbuka.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nachora Ukuta Hai kwenye kompyuta. Mimea sikuwa nimeichagua bado. Programu yetu haipendi pengo. Ukiacha ukuta mtupu inakuletea maandishi mekundu, yanakodoa macho mpaka unakosa raha. Nikaweka matofali ya matundu mahali pa mimea. Ya kushikilia nafasi tu! Nilisahau kwamba tangu mwezi uliopita tuna mfumo mpya, wa kisasa kabisa, aliouziwa Mkurugenzi na kijana mwenye kompyuta nyembamba. Kila siku saa kumi alasiri mfumo unahesabu wenyewe kila kilichochorwa, unamtumia muuzaji orodha, na muuzaji analeta. Hakuna mtu ofisini aliyesoma kitabu cha maelekezo.

Isipokuwa mimi. Nilikisoma chote. Ndiyo maana inauma.

Nikampigia muuzaji ayachukue. Akasema mzigo ukishashuka umeshuka. Nikaenda saiti, nikamwomba Timazi ayafiche. Akauliza kama nimewahi kuona matofali mia sita na arobaini au nimeyasoma tu. Hayo si peremende, mwanangu, useme utayatia mfukoni.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Hujenga vizuri chini ya mzigo. Kitu kisichofichika hakifichwi, kinapewa kazi! Nikamwagiza Timazi ayapange nyuma ya jengo, makavu, bila chokaa wala saruji, yawe kuta tatu za banda la mapumziko, juu turubai. Mtu akiuliza, jibu: ustawi wa wafanyakazi. Ni mada moto sana siku hizi. Nimehudhuria makongamano mawili mtandaoni kuhusu ustawi, moja nikiwa macho.

Timazi akasema mafundi wanaomba kivuli tangu msingi unachimbwa, wakaambiwa wavumilie. Akakubali kwa sharti moja, nisimfundishe kupanga tofali. Nikamwachia mchoro mdogo tu, kurasa nne. Nilipokuwa naondoka nikaona ameufunika juu ya kikombe chake cha chai, nzi wasiingie.

Aliniambia pia kazi itaanza baada ya saa nne na nusu, maana saa nne hapa hata jenereta inakunywa chai. Utani wa saiti. Sikucheka.

Hati ya mzigo nimeificha kwenye faili la "Mifereji ya Maji Machafu". Hakuna binadamu anayelifungua.


Jumatano, 5 Machi

Bustani ya miche imenivunja moyo. Bwana shamba kasema mimea ya kupanda ukutani inataka miezi minne. Nikamwambia nina siku tatu. Akaniuliza kama ninataka mimea au picha ya mimea.

Nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Nikakiinua barazani. Na palepale nikaiona. Makopo thelathini na moja!

Naishi kwa Shangazi, dada yake baba. Ni muuguzi mstaafu, miaka thelathini na minne wodini, na alipostaafu alihamishia wodi barazani. Kila kopo lina jina. Kangaga kubwa lenye majani ya kuning'inia ni Matroni. Kile chenye majani mapana yanayopokonya jua la wenzake ni Daktari Bingwa. Kuna Msajili, kuna Mhasibu asiyetoa ua, na kuna kimoja kidogo, kimekonda, hakikui wala hakifi, kinaitwa Kitanda cha Sita. Shangazi huwazungukia asubuhi na jioni, mikono nyuma, akiuliza wameamkaje.

Ijumaa asubuhi anakwenda kumwona dada yake mkubwa, anarudi Jumapili. Anaondoka Ijumaa, wasilisho Jumamosi, anarudi Jumapili! Majaaliwa hayajawahi kuchora ratiba safi namna hii. Nitayaazima, nitayarudisha, hatajua. Kuazima si kuiba. Tofauti ni taarifa tu.

Wakati wa kula akanipa maelekezo kana kwamba ananikabidhi zamu. Matroni maji kidogo, asubuhi tu. Daktari Bingwa ageuzwe kila siku la sivyo anapinda. Kitanda cha Sita asisogezwe hata kidogo, ndiyo kwanza ameanza kupata nafuu. Na usinizamishie Matroni, we mtoto, akasema, akinitazama juu ya miwani. Wewe ukipewa kopo la maji huwa huna kiasi.

Nikasema ndiyo Shangazi. Dhamiri ilinisumbua hadi nilipomaliza kula. Kisha nikapima makopo kwa rula.


Alhamisi, 6 Machi

Siku njema. Ukuta Hai una mwili. Mafundi wamenifungia fremu ya chuma, safu tano, nafasi thelathini na moja. Juu ya jukwaa, tangi la lita elfu moja. Chini ya tangi, vali ya umeme. Kati ya safu, vihisi vyangu vitatu, vidogo kama vifungo. Nilitia ndoo moja ya maji kwenye tangi, nikapuliza pumzi kwenye kimoja. Vali ikafanya tik, ukungu ukashuka, laini kama salamu. Machozi yalinilengalenga. Fundi mmoja akaniuliza kama vumbi limeniingia.

Hatua chache pembeni Vioo anasimamisha chumba chake cha mfano. Kuta nne za kioo, mlango wa kioo, kitasa cha kioo. Siku nzima anafuta alama za vidole, nyingi zikiwa zake. Akapita, akautazama ukuta wangu mtupu, akasema, Msomi, hapo utaanika nini? Nikamwambia mustakabali. Nadhani nilimmaliza. Alicheka, lakini watu waliomalizwa hucheka.

Timazi naye alikuja kuipima fremu yangu. Imelala nusu kidole. Kisha akauliza swali la kiufundi: umeme ukikatika, inakuwaje? Nilifurahi sana, maana hilo nimelifikiria mimi mwenyewe, halimo kitabuni. Vali za kawaida zikikosa umeme hujifunga, mimea inakufa kwa kiu. Yangu ikikosa umeme inafunguka. Wazi kabisa. Maji yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Mimea haitakufa kamwe!

Timazi akatazama tangi. Akanitazama mimi. Akatazama tangi tena. Akasema, mwanangu, nilikwambia habari ya saa nne?

Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi nazungumzia majengo ya miaka hamsini ijayo, na yeye ananizungumzia chai. Akasema haya.

Banda limekwisha. Sijaenda kulitazama. Lile ni kosa lililopangwa vizuri, basi.


Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kaondoka saa moja asubuhi na kikapu. Saa moja na nusu wodi nzima ilikuwa ndani ya gari la kukodi. Dereva akauliza kama nahama. Nikasema ni uhamisho wa muda wa wagonjwa. Akaongeza sauti ya redio.

Kufikia adhuhuri ukuta ulikuwa kijani. Matroni katikati, majani yake yanamwagika kama nywele. Daktari Bingwa juu kulia, pamoja na kwamba alimfunika Msajili. Kitanda cha Sita nilimpa kona ya chini. Aliangusha jani moja. Nikalirudisha mahali pake kwa gundi. Tangi litajazwa kesho asubuhi, jenereta ikishawaka.

Wasiwasi mmoja. Vioo amezunguka nyuma ya jengo, akarudi, akauliza kwa upole lile banda ni la nani. Nikasema ustawi. Akatabasamu. Nimelichambua tabasamu hilo. Haikuwa dharau yake ya kila siku, ambayo huinua mdomo upande wa kushoto. Hili liliinua pande zote mbili. Jioni nikaenda kulitazama faili la Mifereji ya Maji Machafu.

Hati ya mzigo haimo!

Anajua. Kesho, mbele ya Mama Mwenye Jengo na Mkurugenzi, atanianika. Kuagiza mzigo bila ruhusa ni kumwaga unga hapohapo, hakuna cha majaribio wala nini. Niliketi ngazini nikapumua kama mwanamke anayejifungua kwenye sinema.

Kisha nikapata mbinu, na nikiri kwamba ni ya hali ya juu. Niwe wa mwisho, yeye wa kwanza. Na awe wa kwanza kwa muda mrefu. Chumba chake kinatazama jua la asubuhi. Kadiri anavyoendelea kueleza, ndivyo kinavyochemka. Saa tatu ni kioo, saa tatu na nusu ni jiko, saa nne ni tanuri. Mama Mwenye Jengo atatoka humo akitiririka jasho, na mbele yake atakuta nini? Ukungu wangu. Ukuta wangu. Hakuna hati ya mzigo itakayomtoa hapo.

Nimeandaa maswali kumi na manne ya kumuuliza Vioo. Swali la tisa lina sehemu a hadi d.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa penseli. Kalamu zote zimelowa.

Nitaeleza kwa utaratibu. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Saa tatu kasoro robo: Mama Mwenye Jengo akafika. Mwanamke mfupi, viatu vya kutembelea, mkoba mkubwa kama sanduku la fundi bomba. Hakusalimia jengo wala michoro, alisalimia mafundi, mmoja mmoja. Akasema yeye hataki mambo mengi. Anataka watu waingie dukani kwake wasitamani kutoka, na makarani wakae juu wasimlaumu.

Saa tatu: Vioo akaanza. Nitamtendea haki. Aliongea vizuri. Alitaja mwanga, uwazi, miji mikubwa. Akamwingiza Mama ndani ya chumba cha kioo, akafunga mlango, akasimama nje akimwelekeza kwa mikono kama anaegesha gari.

Nikaanza maswali. Swali la kwanza, unene. La pili, upanuzi wa kioo kwenye joto. La nne, ndege wakigonga. Mkurugenzi alinitazama kwa mshangao, akasema sawa. Vioo alijibu yote, huyu mtu kumbe anasoma! Ndani Mama alishafungua kifungo cha juu, akaanza kujipepea na kijitabu cha maelezo ya vioo. Dakika zilikwenda. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama nilivyopanga. Nilikuwa kwenye swali la tisa, sehemu b, nikiwa nimesimama mbele ya Ukuta Hai, Mkurugenzi kulia kwangu, Vioo kushoto.

Nyuma ya jengo mtu akapiga kipande cha chuma. Ngo, ngo, ngo, ngo.

Saa nne.

Jenereta ikazima.

Naomba niandike polepole. Kwenye saiti hii, ikifika saa nne kamili, fundi anayekaa karibu na jenereta anaizima, hata awepo nani, hata kuwe kunaendelea nini, ili watu wanywe chai wakisikilizana. Wamefanya hivyo tangu msingi. Niliambiwa mara mbili.

Umeme ulipokatika, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Vioo vyenye akili vikageuka vyeupe kama maziwa, pande zote nne, Mama Mwenye Jengo akiwa ndani. Na vali yangu, kwa uaminifu wote nilioifundisha, ikafunguka.

Lita elfu moja.

Haukuwa ukungu. Mkurugenzi alisema "sawa" na mengine hayakusikika. Miwani yake ilikwenda na maji. Matroni aling'oka akatua begani kwangu, akanasa hapo. Daktari Bingwa alimwangukia Vioo kwenye shati lililopigwa pasi, akabaki hapo kama nishani. Kwenye kioo cheupe ulionekana mkono wa Mama ukitafuta kitasa, ukipapasa huku, ukipapasa kule, na sauti yake ikiuliza kama hiki nacho ni sehemu ya maelezo. Vioo naye hakukiona kitasa. Kitasa ni cha kioo!

Timazi ndiye aliyekuja, kikombe mkononi, akagonga kioo kwa timazi yake, akamwambia mama fuata mlio, njoo, njoo, hapo sukuma. Akatoka. Alikuwa mwekundu kama pilipili mbivu. Alitutazama sisi watatu, tumesimama kwenye tope na majani kichwani. Akamuuliza Timazi, hapa hakuna mahali mtu anaweza kukaa? Timazi akampeleka nyuma.

Tulifuata, tukidondosha maji. Nilikuwa nahesabu maneno ya kuomba msamaha. Kisha nikapinda kona.

Ndani ya banda, juu ya ubao, katikati ya mafundi, na kikombe cha chai mkononi, alikaa Shangazi!

Dada yake alikuwa na wageni wengi, karudi mapema. Alikuta baraza tupu. Jirani alimwambia ameona gari. Shangazi akafuata matone ya udongo hadi kituo cha magari ya kukodi, akamhoji dereva, na miaka thelathini na minne ya kuhoji wagonjwa haipotei. Alikuwa hapa tangu saa tatu na nusu. Alikuwa anasubiri nimalize kazi, alisema, hataki kuniaibisha mbele ya wakubwa. Kisha akamwona Matroni begani kwangu. Macho yake siyaandiki.

Mama Mwenye Jengo akaketi kando yake. Akapewa chai. Shangazi akamshika kifundo cha mkono bila kuombwa, akahesabu mapigo, akamwambia vua viatu, nyanyua miguu. Mama akavua. Wakaanza kuongea habari za magoti.

Na hapo kwa mara ya kwanza nikaliona banda. Matofali yalikuwa yamepangwa tofali kwa tofali, hakuna hata moja limelala. Upepo uliingia kwa matundu upande mmoja ukatokea upande wa pili, taratibu, bila kelele. Mwanga uliingia vipandevipande ukatua kwenye magoti ya Mama, kwenye vikombe, kwenye kofia za mafundi. Hakuna aliyekuwa anatoka jasho. Lakini mimi nilikuwa nautazama mlango, nikipima umbali wa kukimbia.

Mama akaweka kiganja mbele ya tundu moja, kisha jingine. Akauliza, huu ukuta kafanya nani?

Timazi akafungua mdomo.

Ndipo Vioo akaruka mbele! Shati limemganda, jani la Daktari Bingwa liko mfukoni, na mkononi hati ya mzigo, imelowa lakini inasomeka. Akasema kwa sauti ya mwendesha mashtaka: Ni yeye! Matofali haya yote ameagiza yeye! Peke yake! Bila kumwambia mtu! Jina lake hili hapa, tazameni!

Mama akaichukua hati. Akaisoma. Akanitazama kutoka nywele hadi viatu, vilivyokuwa vimejaa maji. Akasema, kumbe wewe binti ndiyo una akili, mbona ulituchelewesha kule na maji na maziwa? Nataka hiki. Ghorofa zote tano.

Sura ya Vioo ilikuwa kama kioo umeme ulipokatika.

Mkurugenzi aliitazama hati kwa karibu sana, maana hakuwa na miwani. Akasema sawa. Mpaka sasa sijui ni ipi.


Jumapili, 9 Machi

Shangazi hasemi nami. Anasema na makopo, kwa sauti ya juu, ili nisikie. Leo asubuhi alimwambia Matroni kwamba damu ni kitu cha ajabu, unaweza kumlea mtu ukampa chumba chenye dirisha, na bado akakuibia wagonjwa. Matroni yuko kwenye karai, amefungwa kijiti.

Wagonjwa ishirini na wanane wako salama. Wawili chini ya uangalizi. Kitanda cha Sita, aliyekaa kona ya chini na kuogeshwa na tangi zima, ametoa chipukizi. Nilimweleza Shangazi kwamba kisayansi hii inathibitisha vali yangu. Alitoka nje.

Nimepewa zamu ya barazani, asubuhi na jioni, hadi atakaponiambia basi.


Jumatatu, 10 Machi

Mkurugenzi kaniita ofisini. Miwani mipya.

Akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alimpigia Timazi jana. Anajua matofali yalifikaje, anajua kurasa nne zilifunika nini. Amefikiria kunishukuru. (Nilishika kiti.) Lakini Mama Mwenye Jengo anasema anamtaka yule binti aliyelowa, na Timazi, alipoulizwa, alisema huyu mtoto hasikii, ila siku ile aliwatafutia kivuli watu ambao hakuna mwingine aliyewatafutia. Basi nabaki. Nitachora ukuta wa matundu, na kila mstari nitauonyesha Timazi kwanza.

Nilitaka kusema ukweli: kivuli kile sikuwatafutia, nilikuwa naficha kosa. Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikalitafakari. Nikaona kwamba sehemu ya ndani kabisa ya akili yangu huenda ilikuwa inawafikiria mafundi muda wote, bila kunijulisha. Nikasema asante.

Sharti la pili ni la kuudhi. Vioo naye anabaki, miezi mitatu mingine, kwa kazi moja: hakuna orodha itakayotoka kwenye mfumo bila yeye kuisoma na kuipitisha. Vioo anisome mimi! Amehamishia kiti mbele ya meza yangu. Amesema, karibu Msomi, leo umeagiza nini? Amekuja na shati jipya.


Jumanne, 11 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na fikra kubwa. Ukuta wa matundu ni mwanzo tu. Wakati nautafakari nimegundua kwamba kwa kweli niliupanga, kwa namna ambayo wakati ule sikuwa nimeifahamu. Mtu mwenye kipaji hutangulia maarifa yake mwenyewe.

Fikra yenyewe: paa! Bustani ya mapumziko juu ya ghorofa ya tano, mimea kwenye vyungu vikubwa, kivuli, upepo, maji ya mvua. Ustawi! Vyungu sijavichora bado, vinataka umbo maalumu. Programu ikaleta maandishi mekundu. Nikatafuta kitu cha ukubwa uleule, nikapata mabafu. Mabafu meupe ya kuogea, thelathini na sita, safu sita. Ya kushikilia nafasi tu, hadi kesho.

Maandishi mekundu yakaniambia sasa nasubiri kupitishwa na Vioo. Alikuwa ametoka kununua kitambaa cha kufutia kompyuta. Yalikuwa yananikodolea macho, na mimi siwezi kufikiri nikitazamwa. Nikaingia kwa jina lake. Neno lake la siri ni "kioo". Nilipata mara ya kwanza! Nikapitisha, ukurasa ukawa kijani, nikafanya kazi kwa utulivu hadi saa kumi na moja.

Timazi alipita ofisini kuchukua vipimo. Akauliza kama saa kumi bado ule mtambo unatuma vitu wenyewe. Nikamwambia Mzee, mimi nachora paa, usinirudishe kwenye mitambo. Akasema haya.


Jumatano, 12 Machi

Asubuhi tulivu. Shangazi amenisalimia, kupitia Daktari Bingwa. Vioo yuko mbele yangu, anafuta skrini. Nachora vyungu. Sijawahi kuwa na hakika namna hii na njia ya maisha yangu.

Simu imenikatiza. Timazi, kutoka saiti. Kuna lori refu getini, na dereva anauliza hoteli iko upande gani. Nimemwambia hapa hakuna hoteli, masikini wa watu amepotea njia. Amwelekeze tu.